Nimechomelea chesisi ya gari la michezo uani, imejisokota milimita 14. Nikate au nifunike?

Fundi Tausi (Nkuhungu, Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, na hapa mtaani sina wa kumuuliza bila kuchekwa, kwa hiyo nimeona bora nichekwe na watu nisiowajua.

Mimi ni fundi mageti. Mwaka wa kumi na moja huu niko Nkuhungu: mageti, madirisha, vitanda vya chuma, minara ya matangi ya maji. Ukipita mitaa ya huku ukaona geti lenye tausi wawili wanaotazamana, huenda ni kazi yangu. Ukiona tausi mmoja ana shingo fupi kuliko mwenzake, basi ni yangu kabisa, ya mwaka wa kwanza.

Mwaka jana kijana mmoja mteja wangu alinionyesha kwenye simu picha ya gari la Kiingereza linaitwa Lotus Seven. Lilianza kutengenezwa mwaka 1957, mwenye wazo lake ni Colin Chapman. Halina milango, taa zimechomoza kama macho ya chura, boneti ndefu, halafu dereva amekaa nyuma kabisa karibu na ekseli. Nikaanza kulisoma usiku. Kumbe Waingereza wengi walilinunua vipande vipande wakaenda kuliunga nyumbani, kwa sababu gari la kujiundia lilikwepa kodi ya mauzo ya enzi hizo. Mwaka 1973 kodi ikabadilika, na mwaka huohuo haki ya kulitengeneza ikahamia kwa Caterham. Ndani yake ni fremu ya mabomba, juu yake bati. Mbavu bapa, sakafu bapa, mgongo bapa. Nikajisemea: hili si gari, hili ni geti lenye magurudumu.

Hapo ndipo nilipopotea.

Nilinunua Toyota DX, ile KE70, kwa mzee mmoja Mpwapwa. Bodi imeliwa na kutu hadi unaona barabara, ila injini ya 4K inawaka kwa mpigo wa pili na difu haipigi kelele. Lile Seven la kwanza lilikuwa na injini ya Ford ya cc 1172, kwa hiyo 4K yenye cc 1290 sioni kama ni ya kuonea aibu. Nikashusha injini na giaboksi kwa winchi niliyoitundika kwenye mwarobaini, nikachomoa ekseli ya nyuma nzima nzima, vyote vimelala chini ya turubai.

Chesisi nimeijenga kwa skwea paipu ya inchi moja, unene milimita 1.5. Nilienda dukani na venia yangu nikapima bomba moja moja, wakanichukia, lakini zile za 1.2 walizotaka kunibambikia niliziacha palepale. Nimetumia vipande zaidi ya sabini. Rodi ya kuchomelea ya milimita 2.5, mashine ndogo ya kubeba begani. Kazi nilikuwa nafanya baada ya saa kumi na mbili jioni, nikishamaliza za wateja, na jioni huku kwetu umeme unanywea.

Nilipomaliza nikapima kona kwa kona kama ninavyopima geti. Ya kulia mita 2 na sentimita 78 kasoro kidogo, ya kushoto ikapishana nayo milimita 2. Nikafurahi, nikamwita mke wangu aje aone. Mwanangu wa miaka sita akapanda kona ya mbele kulia. Ikagonga: ka! Akashuka, ikagonga tena: ka! Kama meza ya mgahawani.

Nimeiweka juu ya tofali nne. Kona tatu zimekaa, ya nne inaning'inia milimita 14. Nimeipima kwa kupenyeza vipande vya bati kimoja baada ya kingine hadi vikabana. Mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, tangu siku hiyo anaiita kitanda cha jini.

Sasa swali. Nikate nianze upya, au nifidie kwenye mabano ya saspensheni, yaani upande unaoning'inia nishushe bano kwa hizo milimita 14 halafu maisha yaendelee? Mabano bado sijayachomelea. Na kosa ni nini hasa: jua la Dodoma, umeme mdogo, au mimi?

Naomba kuwasilisha.

Ist Nyeusi

Mkuu nunua Toyota IST. Naomba kuwasilisha.

Fundi Tausi

@Ist Nyeusi nilijua utakuja. Karibu ukae, chai ipo.

Bajaji Mstaafu (Majengo)

Kaka usiikate kabla hujajua kama kosa ni la chesisi au la uwanja wako. Fanya hivi: izungushe, mbele iwe nyuma, kwenye tofali zilezile. Ikining'inia kona ileile ya chesisi, chesisi ndiyo mbovu. Ikining'inia kona nyingine iliyo juu ya tofali lilelile, uwanja ndio mbovu. Ikishindikana kawaone Nyumbu, kile kituo cha teknolojia ya magari kule Kibaha, wale waliunda lori zima miaka ya 1980.

Dada Rodi (Kizota)

Kaka Tausi, hongera kwanza. Watu wanaothubutu ni wachache.

Bajaji, samahani, hicho kipimo kinafaa kwa stuli yenye mguu mmoja mfupi, hapa hakifai. Kitu kilichojisokota kama pangaboi ukikigeuza mbele nyuma, au hata ukikilaza chali, kinabaki kimejisokota upande uleule. Shika skrubu kwa kichwa au kwa ncha, nyuzi zake zinazunguka upande mmoja tu. Uwanja nao ni hivyohivyo. Ataizungusha siku nzima, ataona kona zilezile mbili zinachezacheza, na hatajua nani mkosaji.

Mimi nimesomea uchomeleaji VETA, na kwa miaka sita nimefanya kazi kwenye karakana ya kuunda matela, kwa hiyo chesisi zilizojisokota nimezilia sana. Kaka, kosa lako la kwanza liko kwenye sentensi yako mwenyewe: "nikapima kona kwa kona kama ninavyopima geti." Geti halina kimo. Kona kwa kona inakuambia kama umbo limelala upande, kama ni mraba au limekuwa jahazi. Haikuambii chochote kuhusu kunyanyuka. Geti likijisokota milimita 14 unalifunga kwenye bawaba, nguzo inalinyoosha, mteja anakulipa. Gari halina nguzo.

Anza na mpira wa maji, ule wa mafundi ujenzi. Mpira mwembamba unaoonyesha, jaza maji, hakikisha hakuna mapovu, sawazisha vichwa vya tofali zako nne mpaka maji yakae mstari mmoja kote. Asubuhi, kabla upepo haujaanza. Kisha weka chesisi upime tena. Huenda ni milimita 14, huenda 9, huenda 20. Kabla ya hapo hujui chochote.

Halafu tafuta INAPOANZIA. Seremala akitaka kujua ubao umejisokota wapi, huweka fito mbili zilizonyooka, moja kila mwisho, anachuchumaa, anafumba jicho moja na kulinganisha kingo zake. Wewe chukua vipande viwili vya bomba vilivyonyooka kabisa, virefu kama mita moja na nusu, vilaze kukatiza chesisi. Kimoja kiache nyuma kabisa kisisogee. Cha pili kianzishe karibu yake, kisha kisogeze mbele hatua kwa hatua, kila kituo utazame. Mahali kingo zinapoanza kuachana ndipo chesisi ilipoanza kukusaliti.

Jua la Dodoma liache. Chuma cha mita 3 kikipanda nyuzi joto 30 kinarefuka kama milimita moja, na usiku kinarudi. Umeme mdogo nao haupindishi chuma. Umeme ukinywea moto unakuwa mvivu, na wewe unakaa sehemu moja muda mrefu ili ishike, basi joto linaingia kwenye bomba mara mbili ya linalotakiwa. Kila mshono ukipoa unasinyaa na kuvuta bomba upande wake. Hebu niambie: ulichomelea kwa mpangilio gani? Na ilikuwa imefungwa kwenye kitu?

Fundi Tausi

Dada, swali lako la mwisho nimelisoma mara tatu nikitafuta namna ya kulijibu bila aibu.

Nilimaliza upande wa kulia wote. Wote kabisa, mishono kamili, nikagonga unga, nikapiga na rangi ya kuzuia kutu. Ndipo nikahamia kushoto. Kufunga sikuifunga popote, ilikuwa juu ya mapipa mawili na ngazi.

Usinijibu bado, kesho asubuhi napima.

Dada Rodi

Sawa. Sijibu.

Mzee wa DX (Kondoa)

Mbukwenyi wa Dodoma wote.

Mimi si wa kuchomelea, ni makanika wa siku nyingi, DX nimezifungua nikiwa na nywele. Kijana, hiyo 4K ni injini nzuri kwa kazi yako. Ni fupi, nyepesi, kabureta moja, haina kontrol boksi wala sensa za kukutesa. Ila nina matatu.

La kwanza ni propela, ule mhimili unaozunguka kupeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma. Kwenye gari lako injini inarudi nyuma sana, kwa hiyo propela itakuwa fupi kuliko ya DX. Usiikate kwa macho ukaichomelea uani. Peleka kwa mtu mwenye leithi, aikate, aiunge ikiwa inazunguka, aipime isiyumbe. Propela iliyoungwa vibaya huisikii ukiwa mtaani. Utaisikia ukifika spidi 80 barabara ya Iringa, na hapo imekaa usawa wa kiuno chako, katikati ya viti, ndani ya bati jembamba. Funga na pete mbili za chuma kizito kuizunguka, ikikatika isije kukutembelea.

La pili ni springi. DX ni gari la zaidi ya kilo 800. Lako likifika nusu tani na ushee utakuwa umezidisha. Ukiweka springi za DX kama zilivyo, gari halitaelea, litaruka ruka kama mbuzi kwenye kokoto. Kwa nyuma unaweza kuanzia nazo ukapima. Za mbele tafuta nyingine.

La tatu ni stelingi, na hapa nakuhadithia ujinga wangu mwenyewe. DX inatumia boksi. Najua hutaitumia, haina pa kukaa, utataka reki, ule upau wenye meno unaosukuma magurudumu kulia na kushoto. Na reki rahisi mjini ni ya Starlet. Mwaka fulani nilimuundia mtu kigari cha kuzungukia shamba, nikachukua reki ya Starlet. Kwenye Starlet reki inakaa nyuma ya mstari wa magurudumu. Mimi kwa kukosa nafasi nikaifunga mbele, mikono nikaigeuza itazame mbele, kila kitu kikakaa vizuri, nikapendezwa. Mwenye shamba akapanda, akakata kona kushoto, gari likaenda kulia, likaingia kwenye zizi. Mbuzi hawakufa, ila mimi nilikufa kwa aibu. Reki ya nyuma ukiihamishia mbele, mwendo unageuka. Inabidi uipindue juu chini, au uirudishe nyuma. Kabla hujachomelea bano lolote la reki, kaa kitini, zungusha usukani, na mtu mwingine asimame mbele akuambie magurudumu yanatazama wapi. Usitazame mwenyewe, macho yako yanataka ifanye kazi.

Fundi Tausi

Shikamoo mzee. Ile reki chini ya turubai langu ni ya Starlet. Na kwenye mchoro wangu inakaa mbele.

Mzee wa DX

Marahaba. Basi mbuzi wamepona.

Faiba Boi (Ipagala)

Mkuu, hujaulizia pua na mabawa ya matairi lakini najua utafika huko. Mbavu utafanya kwa shiti ya alumini, hiyo kwako ni kazi ya siku moja. Pua ina mikunjo, hiyo ni faiba. Mimi natengeneza bampa na vifuniko vya matangi, zamani nilikuwa kwenye boti Mwanza.

Usichonge umbo la pua kwa ile povu nyeupe wanayofungia friji na televisheni. Kila mtu anaanza nayo kwa sababu inachongeka kwa kisu. Ukiipaka resin ya kawaida inayeyuka mbele ya macho yako, linabaki shimo. Nilishapoteza bampa nzima hivyo.

Wewe una utajiri hapo Dodoma na hujui: udongo wa kichuguu. Suka umbo kwa nondo nyembamba na waya wa kuku, kandika udongo kama tembe la Mgogo, acha ukauke polepole kivulini usije kupasuka, nyufa zizibe na udongo ule uleule mwembamba. Juu yake paka jasi, piga msasa mpaka shavu lako likipita lisikwaruzike, kisha rangi ya mafuta, ikauke kabisa, kisha nta, mara tano sita. Hapo ndipo unaweka resin na mkeka wa faiba, unapata kalibu. Pua yenyewe inazaliwa ndani ya kalibu, siyo juu ya udongo.

Hadena, ile dawa ya kugandisha, iwe asilimia moja ya resin, isizidi mbili. Saa saba mchana hiyo resin itageuka jiwe ndani ya kopo ukiwa bado unatafuta brashi, na kopo litatoa moshi. Fanya saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne upepo ukianza, funga kazi, la sivyo pua yako itakuwa na vumbi la Nkuhungu milele. Na vaa barakoa ya kweli unapopiga msasa, kitambaa hakitoshi.

Karani Mstaafu

Mimi naongelea karatasi tu. Hiyo DX namba yake ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa injini, na ndiyo iliyo kwenye kadi. Bodi imeoza, najua unafikiria kukata kile kipande chenye namba ukichomelee kwenye chesisi mpya. USIFANYE. Askari mkaguzi akiona namba imezungukwa na mshono wa kuchomelea, swali lake la kwanza litakuwa wizi, la pili pingu. Piga picha kila hatua, tunza risiti za mabomba na mkataba wa mzee wa Mpwapwa, nenda ukaongee na TRA na wakaguzi wa magari wa usalama barabarani SASA, likiwa mifupa, kabla hujapaka hata rangi. Mtu aliyekuja kuuliza mapema husikilizwa tofauti na aliyekamatwa.

Ist Nyeusi

IST ina kadi.

Fundi Tausi

@Karani asante, hilo la kukata kipande nilikuwa nimelipanga kabisa, hata chaki nilishachora. Nimeifuta.

Vipimo, dada. Nimeamka saa kumi na moja na nusu, nimeazima mpira kwa fundi ujenzi jirani. Tofali zangu zilikuwa zimepishana milimita 5! Uwanja unaouona bapa kwa macho. Nimezisawazisha kwa vipande vya bati hadi maji yakatulia. Nikaweka chesisi. Kona ya mbele kulia sasa inaning'inia milimita 11.

Kisha zile fito. Nilifanya kama ulivyosema, moja nyuma, nyingine naisogeza. Kuanzia nyuma hadi ukuta wa viti, kingo zimelala pamoja kama midomo ya mtu aliyenuna. Mpaka usawa wa dashibodi, bado. Nikavuka tao la dashibodi, sentimita 20 tu mbele yake, tayari nikaona mwanga upande mmoja. Kutoka hapo hadi pua inazidi kufunguka. Kwa hiyo nyuma yote ni nzima, balaa ni sehemu ya injini peke yake.

Kukaa pale nimechuchumaa, jicho moja limefumba, saa kumi na mbili asubuhi, nimejifunza kitu ambacho miaka kumi na moja ya mageti haikunifundisha. Nimerudi nikatazama geti la nyumbani kwangu kwa fito zilezile. Sisemi nilichokiona.

Dada Rodi

Vizuri sana. Umejiokolea theluthi mbili ya kazi.

Sehemu ya injini ndiyo dhaifu kwenye fremu za aina hiyo, kwa sababu juu lazima iwe wazi injini iingie, huwezi kuweka bomba la mshazari kwa juu. Imeshikwa na mishazari ya pembeni na ya chini tu. Ikivutwa upande mmoja haina wa kuizuia.

Kuhusu kufidia kwenye mabano. Ingekuwa milimita mbili tatu ningekuambia funika kombe mwanaharamu apite, chomelea mabano kwa kufuata mpira wa maji badala ya kufuata chesisi, magurudumu hayatajua. 11 hapana. Injini itakaa upande, boneti haitafunga, na lile bomba ulilolinyima raha litakaa linavuta mishono yake siku zote. Mshono unaovutwa usiku na mchana, siku utakapogonga shimo barabara ya vumbi, ndio utakaopasuka.

Usianze upya. Fanya hivi:

Funga sehemu ya nyuma kwenye kitu kizito kisichocheza. Huna meza ya chuma, basi lala na mihimili miwili ya chuma ya H au reli, azima popote, isawazishe kwa maji, kisha kaza chesisi juu yake kwa klempu kuanzia nyuma hadi tao la dashibodi. Mbele iache huru.

Kata mabomba ya mshazari ya sehemu ya injini, ncha moja moja tu, usiyatoe. Tumia diski nyembamba ya milimita 1. Kata moja, pima. Kata la pili, pima. Usikate yote kwa hasira.

Ikishalegea, ilete kwa jeki polepole. Izidishe kidogo, kama milimita 2 kupita pale unapopataka, kwa sababu ukichomelea itarudi kidogo. Klempu. Kisha shikiza kwa vinukta tu, kila mahali, pima tena. Ikikubali, ndipo mishono: sentimita 2 kulia mbele, sentimita 2 kushoto nyuma, kushoto mbele, kulia nyuma, unazunguka kama mtu anayekaza nati za gurudumu. Ukishika bomba na mkono hauvumilii, pumzika. Na tafuta rodi ya 2.0, hiyo ya 2.5 ni ya mageti. Fanya mchana, umeme ukiwa na nguvu. Wateja watasubiri siku moja.

Mabano ya saspensheni yakifika, kaka, niite. Hayo usichomelee peke yako mara ya kwanza.

Bajaji Mstaafu

Dada, mimi nimekubali kusahihishwa. Nimejaribu kwa skrubu. Kweli.

Fundi Tausi

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili na nusu.

Mihimili niliipata kwa jamaa anayejenga ghorofa Ilazo, mita tatu tatu, kwa sharti kwamba nimtengenezee ngazi ya chuma. Ngazi nimeshatengeneza. (Nimeipima kwa fito.)

Jumamosi nikafunga duka. Nikakaza nyuma kwa klempu nane, nikamweka mwanangu ashike futi. Nikakata mshazari wa kwanza, wa chini kulia. Hakuna kitu. Nikapima, 11 ileile. Nikaanza kumlaani dada wa watu moyoni. Nikaweka diski kwenye wa pili, wa pembeni. Ilipobaki kama upana wa kucha, bomba lilikatika lenyewe kabla sijamaliza, likalia TANG, mwanangu akadondosha futi akakimbia kwa bibi yake. Nafasi ya mkato ilifunguka hadi kidole changu kidogo kingeweza kuingia nusu. Mbele ikashuka yenyewe. Nikapima: 4.

Milimita 7 zilikuwa zimefungiwa ndani ya bomba moja la inchi moja, dada. Limekaa limebeba ghadhabu hiyo miezi mitatu chini ya rangi yangu ya kuzuia kutu.

Mshazari wa tatu ukaleta nyingine moja. Zilizobaki nikazileta kwa jeki ya DX, robo mzunguko, napima, robo mzunguko. Nikazidisha 2 kama ulivyoagiza. Zile nafasi za mikato ya grenda sikuzijaza kwa rodi kama ningejaza kwenye geti. Nilitoa vipande vile nikakata vipya kwa kipimo. Kuchomelea kulinichukua kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tisa, kazi ambayo zamani ningeimaliza kwa dakika arobaini. Kati ya mshono na mshono nilikunywa chai, nikala, nikajibu simu za wateja, nikampokea fundi ujenzi aliyekuja kudai mpira wake.

Nililegeza klempu Jumapili asubuhi ikiwa imelala usiku kucha. Sikuthubutu kuangalia, nilifungua zote nane kwanza ndipo nikainama. Kona tatu zimekaa. Ya nne nilichukua rodi ya 2.5, nikaibandua unga, nikajaribu kuipenyeza. Haipiti. Ya 2.0 iliyobanduliwa inapita kwa kubembeleza.

Reki nimeipindua juu chini. Mzee, nilikaa kwenye ndoo katikati ya chesisi, usukani nimeufunga kwa waya, mke wangu amesimama mbele. Nikakata kushoto. Akasema "kushoto kwako au kwangu?" Tukabishana dakika tano. Ni kushoto kwangu.

Faiba, kichuguu nimepata kimoja njia ya Mkonze, nimechukua gunia mbili kwa ruhusa ya mwenye shamba, zinasubiri pua. Karani, TRA nimeenda, wameniambia nirudi na picha na maelezo ya maandishi, nami nayaandika. Askari mkaguzi aliitazama picha muda mrefu, akaniuliza kama naweza kumtengenezea geti. Nimemwambia naweza, lakini sasa natoza zaidi.

Kilichobaki kwa leo: natafuta springi za mbele nyembamba, za gari dogo, zenye kipenyo cha ndani kisichozidi milimita 65, nifunge na shokapu za kuvalisha, yaani springi inavaa juu ya shokapu. Mwenye nazo, au anayejua duka Dodoma lisilonilazimisha kwenda Gerezani kule Dar, aniandikie hapa.

Mabano naanza Jumamosi ijayo, dada Rodi. Nyama ya mbuzi ipo. Utapajua, kuna geti la tausi na ndani utaikuta chesisi ina karatasi la nailoni sehemu ya injini na mlenda umeanikwa juu yake. Ni wa mama. Nilipomuuliza mbona anaanika kwenye kitanda cha jini, akasema siku hizi hakitikisiki.